Jembe Likigonga Sarafu ya Kale



Kila mwaka kabla ya mvua ya Novemba, vikundi vyetu vya Malili na sehemu nyingine za Makueni na Kitui hutoka kwa mwethya. Tunachimba mitaro ya fanya juu, tunafukua visima, tunajenga mabwawa ya mchanga mitoni. Mara nyingi jembe hutoa mawe na mizizi tu. Lakini siku moja moja hutoa kitu kingine: kigae cha chungu, ushanga, au kipande cha madini cha mviringo chenye kutu ya kijani. Kumbe ni sarafu! Na hapo ndipo maneno huanza. Mmoja atasema ni ya Mjerumani. Mwingine atasema ni ya Warumi wa katika Biblia. Wa tatu atasema kuna mtu anamjua Nairobi ambaye hununua kwa milioni.

Katika makala hii tunataka kueleza mambo manne. Kwanza, sarafu za kale ni zipi na zipi zinaweza kuonekana kwetu. Pili, thamani yake iko wapi. Tatu, sheria inasema nini. Nne, kikundi kifanye nini siku sarafu ikitokea. Tunaomba mwenye kujua kusoma awasomee wengine, halafu mjadiliane kwa maswali yaliyo mwishoni.

SARAFU ZA SHABA ZA WARUMI

Tuanze na Warumi, kwa sababu jina lao ndilo hutajwa haraka. Wengi wetu tunazijua sarafu zao mbili bila kujua kwamba tunazijua. Ya kwanza ni ile dinari ya fedha yenye sura ya Kaisari, ambayo Yesu alionyeshwa alipoulizwa habari ya kodi. Ya pili ni zile sarafu mbili ndogo alizotoa mjane hekaluni.

Hizi mbili zilikuwa za namna tofauti. Dola ya Rumi ilisimamia yenyewe sarafu za dhahabu na sehemu kubwa ya fedha. Lakini chenji ya sokoni, ya kununulia mkate na mafuta, iliachiwa miji na majimbo. Kila mahali walipiga sarafu zao za shaba iliyochanganywa na bati, kwa maandishi ya kwao. Upande wa mashariki maandishi hayo yalikuwa ya Kiyunani. Huko Aleksandria, Misri, sarafu ziliandikwa mwaka wa kutawala kwa Kaisari, na nyingine zina picha ya mungu wa mto Naili. Uyahudi, gavana Pontio Pilato alitoa sarafu ndogo za shaba kati ya mwaka 29 na 31 baada ya Kristo. Hazina sura ya Kaisari bali jina lake tu na picha za vyombo vya ibada za Kirumi. Na zile za mjane, wataalamu wengi hufikiri zilikuwa za namna ya sarafu ndogo za mfalme Aleksanda Yanai. Yeye alitawala Uyahudi kutoka mwaka 103 mpaka 76 kabla ya Kristo, na sarafu zake ziliendelea kutumika muda mrefu baada yake.

Sasa sikilizeni jambo hili: sarafu hizo za Yanai zina zaidi ya miaka 2,000, lakini si za bei kubwa. Zilipigwa nyingi mno, na zimeokotwa nyingi mno. Tutalirudia jambo hili hapa chini.

JE, SARAFU ZA WARUMI ZINAWEZA KUTOKA KWETU?

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ofisa mmoja Mwingereza, Kapteni Haywood, alisema amepata chombo chenye sarafu za kale huko Bur Gao. Bur Gao iko kusini mwa Somalia, si mbali na mpaka wetu. Wakati ule sehemu hiyo, yaani Jubaland, ilitawaliwa kutoka Nairobi, mpaka ilipopewa Waitalia mwaka 1925. Sarafu zenyewe zilikuwa za wafalme wa Misri wa kabla ya Kristo, na za makaisari wa Rumi. Ingekuwa habari kubwa, kwa maana tunajua mabaharia wa Misri ya Kirumi walifika pwani hii. Kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza kinataja bandari zake hadi mji ulioitwa Rhapta.

Lakini katika fungu lile lile kulikuwa pia na sarafu za Waislamu wa Misri na za Waturuki, za miaka mingi sana baadaye. Zimekutanaje na za Warumi? Je, zote zilitoka katika chombo kimoja? Au mtu alizikusanya mahali pengine akazichanganya? Hakuna anayeweza kujibu. Chombo hakikuhifadhiwa, na maelezo kamili yalichapishwa baada ya miaka mingi, mwaka 1932. Kwa hiyo wataalamu wengi hawazitegemei sarafu zile kama ushahidi. Sarafu zipo, lakini habari yake imepotea.

Kwa hapa Ukambani ni vizuri tuseme wazi: msitarajie Warumi. Babu zetu walikuwa wafanyabiashara hodari waliopeleka pembe za ndovu Mombasa miaka mingi kabla ya reli, lakini waliporudi walileta nguo, ushanga na nyaya za shaba. Hizo ndizo zilizokuwa mali. Kwa hiyo ushanga wa kale ukitoka mtaroni nao ni ushahidi wa biashara, hata kama hauna jina la mfalme.

ZINAZOWEZA KUONEKANA

Hizi hapa ndizo sarafu ambazo jembe linaweza kugonga katika nchi yetu:

Pesa ya Zanzibar. Ni ya shaba, yenye picha ya mizani na maandishi ya Kiarabu. Sultani Barghash aliitoa mwaka 1299 wa Kiislamu, yaani mwaka 1882, na tena mwaka 1304. Neno letu pesa, na mbesa ya Kikamba, asili yake ni paisa, sarafu ndogo ya Bara Hindi.

Pesa ya Mombasa. Ina mwaka 1888 na jina la Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ile iliyojenga kituo chake Machakos. Kampuni hiyo ilitoa pia rupia ya fedha.

Rupia ya Bara Hindi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Nairobi mwaka 1899, ikipita hapa kwetu Konza. Wafanyakazi walilipwa kwa rupia, na kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1901 ilihesabiwa kwa rupia. Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66, na sehemu 11 kati ya 12 ni fedha.

Senti zenye tundu. Hizi wazee wetu wanazikumbuka: senti 1, senti 5, na senti 10, ambazo mtu aliweza kuzifunga kwa kamba. Pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Tazameni vizuri, pengine mtaona herufi ndogo. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, Uingereza. KN ni kiwanda kingine cha huko huko. SA ni Pretoria, Afrika Kusini. I ni Bombay, Bara Hindi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Pretoria na Bombay vilisaidia kutupigia chenji yetu. Kwa hiyo senti 10 ya sokoni Wote iliweza kuwa imezaliwa Bombay! Hapa tunafanana na wale watu wa Aleksandria: chenji ndogo ndiyo inayoeleza nchi ilitawaliwa na nani na ilifanya biashara na nani.

Shilingi ya simba. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoandikwa mwaka 1921 mpaka 1946 ina robo yake fedha, na uzito wake ni kama gramu 7.8. Zile za kuanzia mwaka 1948 hazina fedha kabisa. Kenya ilianza kutoa sarafu zake yenyewe mwaka 1966.

Na ya Mjerumani je? Sarafu zake zilitumika Tanganyika. Ni kweli kwamba mwaka 1916, walipobanwa na vita, Wajerumani walipiga sarafu huko Tabora katika karakana ya reli: za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya ndovu, na za madini ya kawaida za heller 20. Zina herufi T. Hapo ndipo hadithi za mali ya Mjerumani iliyofukiwa hupata nguvu. Lakini kutoka Tabora mpaka Malili ni mbali, ndugu zangu. Mtu akiwauzia ramani ya mali hiyo, anawauzia karatasi.

UMRI SI BEI

Watu wengi hufikiri sarafu ikiwa ya zamani ni lazima iwe ya bei. Sivyo. Bei hutegemea mambo matatu: zimebaki ngapi, hali yake ikoje, na kuna watu wangapi wanaoitaka.

Chukueni mfano wa mfalme Edward wa Nane. Alitawala Uingereza chini ya mwaka mmoja tu, mwaka 1936, akaacha ufalme kabla ya kuvikwa taji. Mtu angedhani sarafu yenye jina lake ni ya bei ya ng'ombe. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zenye jina lake zilipigwa kwa wingi mwaka ule, na mpaka leo ni rahisi kuzipata. Mfalme alikuwa adimu, sarafu yake si adimu.

Kwa hiyo msikopeshane kwa kutumaini sarafu. Na msikubali pia kunyang'anywa. Mtu akija kununua shilingi za simba kwa bei ya chuma chakavu, mjue zile za zamani zina fedha ndani.

THAMANI KUBWA IKO MAHALI ILIPOTOKA

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Sarafu iliyotoka ardhini ina thamani ya namna mbili. Moja ni ile ya kuuza. Nyingine ni habari inayobeba, na habari hiyo haiko ndani ya sarafu peke yake. Iko katika mahali ilipolala, kina chake, na vitu vilivyokuwa pamoja nayo.

Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, wataalamu walifukua zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha. Zilikuwa na majina ya watawala wa pwani yetu, lakini hazikuwa na miaka. Pamoja nazo kulikuwa na dinari chache za dhahabu za nchi za nje, ambazo miaka yake yajulikana. Kwa sababu zote zilikutwa pamoja, dhahabu ile ilionyesha kwamba mali hiyo ilifukiwa katika karne ya 11. Hivyo watu walijua kwamba watawala wa Kiswahili walikuwa wakipiga fedha yao wenyewe miaka zaidi ya 900 iliyopita, mapema kuliko ilivyodhaniwa. Hebu fikirini kama mtu angetangulia kuzichukua zile dinari za dhahabu na kuziuza. Sarafu 2,000 zingebaki bubu.

Mfano mwingine umetoka mbali. Mwaka 1944 askari Mwaustralia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Alizitia katika kopo, akakaa nazo zaidi ya miaka 30 bila kujua ni nini. Mwaka 1979 alizipeleka zitazamwe. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za shaba kutoka Kilwa, pwani ya Tanzania! Zilifikaje kule ng'ambo ya bahari? Bado watu wanabishana. Lakini Isenberg alifanya jambo moja jema sana: aliweka alama kwenye ramani mahali alipoziokota. Kwa ramani hiyo wataalamu waliweza kurudi kisiwani mwaka 2013 kuchunguza. Alama ya kalamu ndiyo iliyofungua mlango.

Tofauti ya Isenberg na yule Kapteni wa Bur Gao si elimu wala pesa. Ni kuandika mahali. Na hilo kila kikundi kinaweza kulifanya, kwa sababu kila kikundi kina mwandishi na daftari.

SHERIA INASEMA NINI

Kenya ina Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006. Mambo ya kukumbuka ni haya:

Kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa kitu cha kale. Pesa ya Mombasa ya 1888 imo. Senti ya tundu ya 1924 haimo.

Vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali, hata kama shamba ni lako.

Anayegundua kitu kama hicho anapaswa kutoa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku saba, aeleze mahali penyewe hasa na jinsi kilivyopatikana.

Kuchimba kwa makusudi kutafuta vitu vya kale bila kibali ni kosa. Kuvipeleka nje ya nchi bila kibali pia ni kosa.

Wengine watauliza, "Sasa sisi tunapata nini?" Ni swali la haki. Mnapata kulindwa na sheria, na sehemu yenu inaandikwa katika historia. Watoto wa Malili husoma shuleni habari za Rumi na za Misri. Je, si vizuri wasome pia kwamba kitu fulani kilitoka katika kijiji chao na kikundi cha mama zao ndicho kilichokitunza?

LA KUFANYA SARAFU IKITOKEA

1. Simamisheni jembe mahali hapo. Msiendelee kuchimba kutafuta nyingine. Fanyeni kazi upande mwingine wa mtaro.

2. Wekeni kijiti mahali ilipotoka. Pimeni kina kwa kamba au kwa mpini wa jembe.

3. Mwandishi aandike siku hiyo hiyo: tarehe, shamba la nani, hatua ngapi kutoka mti, mto au njia inayojulikana, kina, aina ya udongo, na nani aliyeiona. Aandike pia vitu vilivyokuwa karibu: vigae, mifupa, majivu, ushanga.

4. Mwenye simu apige picha mbili: sarafu ikiwa bado mahali pake, halafu pande zake zote mbili.

5. Msiisugue. Msitumie mchanga, majivu, ndimu, wala dawa ya kung'arishia shaba. Ile rangi ya kahawia au ya kijani iliyoshikamana ni ngozi ya sarafu, na maandishi mara nyingi yamo katika ngozi hiyo. Ukiisugua mpaka ing'ae, umefuta jina la mfalme kwa mkono wako mwenyewe.

6. Acheni ikauke kivulini. Itieni katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, maana plastiki hushika unyevu. Mkiona unga wa kijani hafifu unaodondoka, huo ni ugonjwa wa shaba unaoletwa na chumvi na unyevu. Iwekeni penye ukavu, mbali na sarafu nyingine.

7. Andikeni juu ya bahasha namba ile ile iliyo kwenye daftari.

8. Mwambieni chifu, na taarifa iende Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, kabla ya siku saba kwisha. Kutoka Malili ni safari ya matatu moja. Mkikabidhi kitu chochote, ombeni karatasi iliyotiwa sahihi.

JIHADHARINI NA HAWA

Yuko broka anayekuja na mkoba na kusema sarafu yenu ni ya milioni. Halafu anasema kuna ada kidogo ya kuisajili, au ya mashine ya kupimia. Mweka hazina akitoa elfu mbili leo, kesho ataombwa tano. Mnunuzi wa kweli hulipa, haombi kulipwa. Pesa za merry-go-round zimetoka katika kuku, mayai na ndengu. Zisiende kwa mtu asiyekuwa na ofisi.

Yuko mwingine asemaye sarafu ina nguvu za ajabu. Shaba ni shaba. Haina nguvu yoyote ila ile ya kutueleza habari.

MKUSANYO WA KIKUNDI

Kuna kazi moja njema isiyovunja sheria wala kugharimu kitu. Sarafu nyingi za mwaka 1921 na kuendelea zimelala katika masanduku ya nyanya zetu. Kikundi kinaweza kuomba moja moja, kwa hiari, kuzipanga katika ubao au daftari gumu pamoja na mwaka, herufi ya kiwanda, na jina la mwenye kuitoa. Lakini ongezeni jambo moja: muulizeni mzee alipokuwa nayo alinunua nini. Senti 10 ilinunua ndizi ngapi? Shilingi ya kodi aliipata kwa kazi gani? Andikeni majibu hayo, kwa sababu wazee hao hawatakuwa nasi siku zote, na jibu lao halipatikani katika duka lolote la sarafu. Shule ya msingi iliyo karibu itafurahi kuutazama mkusanyo huo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika kikundi chetu kuna mtu aliyewahi kuokota sarafu, ushanga au vigae shambani? Mahali penyewe panajulikana bado?

2. Nani atakuwa na kazi ya kuandika tukipata kitu wakati wa mwethya?

3. Tutamjibu nini broka akija na ahadi ya milioni?

4. Ni wazee gani wa kijiji wanaokumbuka rupia, thumuni na senti za tundu? Tutawatembelea lini?